Herufi Nne za Memphis na K ya Fundi wa Tanga

Katika picha za mgomo wa wazoa taka wa Memphis, Tennessee, mwaka 1968, wanaume wamejipanga barabarani na kila mmoja ameshika bango lilelile: I AM A MAN. Mimi ni mwanamume, mimi ni mtu mzima, usiniite boi. Neno hilo boi babu zetu walilijua vizuri, maana waliitwa hivyo hivyo majikoni kwa walowezi hata walipokuwa na wajukuu. Nimezitazama picha hizo kwa miaka, na siku moja, badala ya kusoma maneno, nikahesabu herufi. Sentensi nzima imesimama juu ya herufi nne: I, A, M na N. Nikajaribu kuziandikia Kiswahili nione zitanifikisha wapi. Zinaandika mama. Zinaandika amani na imani. Zinaandika hata swali kamili: mimi ni nani.

Hesabu hiyo, inayoonekana kama mchezo wa watoto, ndiyo kazi ya kila siku ya watu wanaotengeneza fonti za kompyuta kutokana na maandishi ya zamani. Tré Seals, mbunifu wa Marekani aliyeanzisha kampuni ya fonti ya Vocal Type mwaka 2016, aliyachukua mabango ya Memphis akatoa fonti aliyoiita Martin, kwa heshima ya Martin Luther King. Jiweke mahali pake. Bango kuu linakupa herufi nne. Mabango mengine ya siku zile yanakuongezea: UNION JUSTICE NOW, na baada ya King kuuawa mjini humo tarehe 4 Aprili, HONOR KING: END RACISM. Ukizikusanya zote unapata herufi 17. Kwa herufi hizo utaandika haki, utaandika uhuru. Kazi huwezi, kwa kuwa Z haimo. Malipo huwezi, kwa kuwa hakuna L wala P.

Na mgomo wenyewe ulihusu kazi na malipo. Tarehe 1 Februari mwaka huo wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya lori la taka. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha na kuwaponda. Siku kumi na moja baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Sura ya herufi za mabango yale, unene wake, jinsi zilivyojaza karatasi hadi ukingoni, mstari uliopigwa chini ya AM, vyote vilitokana na hali ile: watu waliotaka kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara yenye askari.

Herufi tisa hazimo katika maandishi ya mabango hayo matatu: B, F, L, P, Q, V, X, Y na Z. Mbunifu inabidi azizae mwenyewe, na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. E ukiikata mkono wa chini inakuwa F. Ukiitoa mikono miwili ya juu inakuwa L. R bila mguu ni P, na P ukiifungia tumbo la pili ni B. A iliyopinduliwa na kutolewa kiungo chake cha katikati inaanza kuwa V, lakini inaanza tu, kwa sababu ncha ya V nzito huonekana kama doa jeusi chini ya mstari na lazima ipunguzwe. N ukiilaza ubavu unaona Z, ila unene umekaa mahali pasipo pake, kwa kuwa macho yetu hutaka mstari uliolala uwe mwembamba kidogo kuliko uliosimama. Kila herufi inaulizwa: kama waliotengeneza mabango haya wangekuhitaji, wangekuchora vipi? Mtu anayejibu swali hilo kwa uaminifu anafanya kazi ya mwanahistoria, ingawa atakachotoa mwishoni ni faili dogo la kompyuta.

Msimamo wangu niuseme mapema. Fonti inayotokana na bango la zamani, ubao wa duka, lebo ya sabuni au tiketi ya basi huzaliwa na deni. Kuna mkono uliokwisha kufanya kazi kabla ya kompyuta kufunguliwa. Sipingi mtu kuchukua herufi za zamani. Ufundi wa herufi umeendelea kwa kuigana tangu ulipoanza. Ninachodai ni kwamba mchukuaji ajue alichukua kwa nani, aseme, na pale ambapo mwenye mkono yu hai, alipe. Sisi wa Afrika Mashariki tunahusika moja kwa moja, kwa sababu kwetu wenye mikono hiyo bado tunakutana nao barabarani.

Seals ameonyesha sehemu ya kwanza ya deni hilo inavyolipwa. Fonti yake ya Bayard imetokana na mabango ya maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, na imepewa jina la Bayard Rustin, mtu aliyeyapanga maandamano yale kwa ustadi huku akisukumwa nyuma ya pazia. Marsha imetokana na kibao kilichosimama wima nje ya baa ya Stonewall, New York, palipozuka upinzani wa mashoga dhidi ya polisi mwaka 1969. Ile inayonigusa zaidi ni Du Bois. Mwaka 1900 msomi W. E. B. Du Bois na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Atlanta walipeleka kwenye maonyesho ya Paris chati za rangi zilizoeleza maisha ya Wamarekani weusi: ardhi waliyomiliki, shule, idadi ya watu. Zilichorwa kwa wino na rangi za maji, na maandishi yake yalichorwa kwa mkono pia, herufi baada ya herufi, na vijana ambao wazazi wao huenda walizaliwa utumwani. Leo mwanafunzi wa Kampala au Bujumbura anaweza kuandika chati yake kwa herufi hizo. Akiuliza jina la fonti tu, tayari ameingia darasani.

Herufi nene za mabango zina ukoo mrefu, na ukoo huo unaanzia kwenye tatizo la uzito. Wapiga chapa walizoea herufi za risasi. Herufi ya risasi yenye ukubwa wa kiganja ni nzito, ni ghali, na risasi hiyo inapopoa uso wake hubonyea, hivyo wino haushiki sawasawa. Mwanzoni mwa karne ya 19 biashara ilitaka maneno makubwa: mnada, meli inayoondoka, sarakasi iliyoingia mjini. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kukata herufi za mbao kwa kekee inayozunguka kwa kasi, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake ya kwanza. Mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza pantografu, ule mkono wa viungo ambao upande mmoja unafuata kielelezo na upande wa pili unakata mbao.

Pantografu ilibadilisha sura ya mabango ya dunia nzima. Kielelezo kimoja kiliweza kutoa herufi nyembamba kama fito au pana kama mlango. Basi mpiga chapa akipewa neno fupi alilipa herufi pana, akipewa neno refu alilipa herufi zilizobanwa, ili kila mstari uguse kingo zote mbili za karatasi. Mchanganyiko tunaouona leo kwenye mabango ya kale ya sarakasi, ambao wabunifu wengi wanauiga wakidhani ni madoido, ulikuwa hesabu ya nafasi. Mtu alikuwa na karatasi moja na hakutaka kulipia hata inchi moja isiyosema kitu.

J. E. Hamilton alianzisha kiwanda chake Two Rivers, Wisconsin, mwaka 1880, na kikaja kushika karibu biashara yote ya herufi za mbao nchini mwake. Sasa mjini humo kuna jumba la makumbusho ya herufi hizo. Nashville nako kuna Hatch Show Print, karakana iliyoanza mwaka 1879, na hadi leo inapiga chapa mabango ya wanamuziki kwa mbao zilezile. Naiheshimu sana karakana hiyo kwa kuwa imezihifadhi herufi kwa kuzitumia. Herufi ya mbao ikifungiwa kabatini hukauka na kupasuka. Ikipigwa wino kila wiki huchakaa kwa namna yake, na uchakavu huo nao ni habari.

Kompyuta zilipochukua nafasi ya mitambo, mbao hizi zikapata maisha ya pili. Mwaka 1990 kampuni ya Adobe ilitoa fonti zilizofuata herufi za mbao za karne ya 19: Cottonwood, Ironwood, Juniper, Mesquite, Ponderosa. Yote ni majina ya miti. Naona wema katika uamuzi huo, mtu aliyekumbuka mbao alikuwa na moyo. Lakini soma tena majina hayo: mti umekumbukwa, mkataji hayumo. Vijana na wanawake waliosimama viwandani wakisugua, wakikata na kupanga herufi hizo kwenye masanduku hawakuacha jina kwenye orodha yoyote ya fonti. Kati ya Ponderosa na Martin kuna miaka zaidi ya ishirini na tano, na kwangu mimi umbali mkubwa zaidi kati yao ni ule wa kutoka kukumbuka kitu hadi kukumbuka mtu.

Upande wa ufundi una mtihani wake. Chukua neno maandamano kwa herufi kubwa: MAANDAMANO. A zimo nne. Fundi wa burashi akiliandika ukutani, A ya kwanza inapata rangi nyingi kwa sababu burashi imetoka koponi sasa hivi. Ya pili anaibana ili isigongane na mwenzake. Ya tatu inakaa vizuri katikati. Ya nne inapungua kidogo upana, kwa kuwa ameshaona ukuta unaisha na bado ana N na O. Ukichukua fonti ya bure iliyochorwa ionekane ya kale, utapata A nne zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, kana kwamba msumari mmoja ulipita mara nne kwa kipimo kimoja. Hata msomaji asiyejua lolote kuhusu herufi hugutuka. Hawezi kusema kasoro iko wapi, lakini anaisikia, kama unavyosikia ngoma iliyorekodiwa ikirudiwarudiwa chini ya wimbo.

Wabunifu wamehangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitengeneza Beowolf, fonti ambayo kingo za herufi zake zilibadilika kila ilipochapwa, hakuna e mbili zilizofanana. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe walitangaza mfumo wa OpenType, na kwa mfumo huo fonti moja inaweza kubeba sura nyingi za herufi moja pamoja na kanuni za kuzibadilisha: A ikifuata A, tumia ya pili, ikija tena karibu, tumia ya tatu. Fonti nzuri za mwandiko wa mkono siku hizi zimejaa kanuni za aina hiyo.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapoachwa mlangoni. Fundi wa fonti za mwandiko anayefikiri kwa Kiingereza huchora kwa uangalifu viungo maalumu vya herufi anazoziona kila siku zikifuatana: th, tt, ll, ff, oo. Kiswahili, ukiacha majina ya watu na maneno kama mmoja, mmea na nne, hakina desturi ya kuandika konsonanti mbili zinazofanana. Chetu ni irabu: saa, kaa, mzee, juu, choo, kondoo, baada. Chetu ni mw, kw, ny, mb, nj mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Kiingereza hakitarajii. Na herufi a, inayotokea katika maandishi yetu kuliko herufi nyingine yoyote, kwenye baadhi ya fonti za mapambo hupewa mkia mrefu, kana kwamba mchoraji alidhani itakuja kwa nafasi. Andika kwa fonti kama hiyo "mapatano ya wanakamati" uone mikia inavyogombana. Mstari mzima unakuwa kichaka.

Halafu ng'. Niliwahi kuletewa sampuli ya bango la mgahawa, kazi nzuri kwa macho, herufi za mtindo wa mabango ya zamani zenye kivuli chekundu. Chini kabisa, mahali pa supu ya ng'ombe, palikuwa na n, g, kisha kiboksi kitupu, kisha ombe. Aliyeitengeneza fonti hakuweka alama ile. Mwenye mgahawa alisema haina neno, watu wataelewa. Wataelewa kweli, lakini mimi sikuweza kuacha kulitazama lile tundu. Hata fonti zenye alama hiyo mara nyingi huiachia nafasi kubwa kupita kiasi, neno likaonekana maneno mawili. Kwa Mwingereza alama hiyo inaonyesha kitu kilichodondoshwa. Kwetu ni sehemu ya sauti yenyewe, bila yake ng'oa inageuka kitu kingine. Fonti ninayoijua iliyobeba lugha yetu hadi kwenye jina ni Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na imechorwa ili I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zisichanganywe. Ni kazi yenye manufaa. Lakini haikutoka kwenye kuta zetu wala kwenye vitambaa vyetu, na haikukusudiwa hivyo.

Suala la nani anakula matunda ya herufi za mtaani linaonekana wazi zaidi kwenye hadithi ya Gotham. Mwaka 2000 mbunifu Tobias Frere-Jones wa New York alipewa kazi ya kutengeneza fonti kwa jarida la GQ. Akatembea Manhattan mtaa kwa mtaa akipiga picha maandishi ya majengo. Moyo wa fonti hiyo ulitoka kwenye maandishi yaliyo nje ya kituo cha mabasi cha Port Authority, herufi za kawaida kabisa zilizoonekana kama zimechorwa na mhandisi mwenye rula na bikari. Mwaka 2004 jiwe la msingi la jengo jipya la World Trade Center liliandikwa kwa Gotham. Mwaka 2008 ilibeba neno CHANGE kwenye kampeni ya Barack Obama, na herufi za kituo cha mabasi zikaonekana kwenye kila televisheni kuanzia Chicago hadi Kogelo.

Mwaka 2014 Frere-Jones alimshtaki mshirika wake Jonathan Hoefler mahakamani, akidai alinyimwa nusu ya kampuni aliyoahidiwa na kutaja dola zisizopungua milioni 20. Baadaye walisuluhishana. Sina la kuamua kati yao. Ninachokitazama ni kwamba herufi zilizoanzia kwa mafundi wasio na jina kwenye ukuta wa kituo cha mabasi zilifikia kuwa mali ambayo thamani yake ilijadiliwa kwa mamilioni, na katika kesi nzima mafundi wale hawakuwa na kiti.

Sheria ya Marekani yenyewe inalifanya hili liwe rahisi. Mwaka 1978, katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer, mahakama ya rufaa ilishikilia kwamba sura ya herufi hailindwi na hakimiliki. Kinacholindwa siku hizi ni programu, yaani faili la fonti. Matokeo yake ni haya: fundi akichora alfabeti ukutani, sura yake ni ya kila mtu. Mwenye kompyuta akiifuatisha na kuiweka kwenye faili, faili ni lake na anaweza kukuzuia usilinakili. Mkono wa kwanza haupati ulinzi na mkono wa pili unaupata. Kisheria hoja ina maelezo yake, kwamba herufi ni chombo cha kila mtu na huwezi kumiliki umbo la A. Nakubali. Ila adabu inaweza kufika mahali ambapo sheria haifiki.

India walijaribu adabu hiyo. Hanif Kureshi, msanii aliyefariki mwaka 2024, alianzisha mradi wa HandpaintedType baada ya kuona wachora vibao wa mitaani wakikosa kazi kwa sababu ya mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Aliwaendea mafundi, akawaomba wachore alfabeti nzima kwa burashi, kisha zikageuzwa kuwa fonti. Fonti ya kwanza inaitwa Painter Kafeel, jina la fundi mwenyewe kama alivyojulikana Delhi, na sehemu ya fedha za mauzo ilikusudiwa kumrudia fundi. Angalia alichokifanya kwa jina hilo. Kila atakayefungua orodha ya fonti kwenye kompyuta yake atakutana na mchoraji wa mtaani akiwa amepangwa sawasawa na Garamond na Bodoni, ambao nao walikuwa watu.

Mexico iko upande wa pili wa mizani. Mwaka 2022 uongozi wa wilaya ya Cuauhtémoc, katikati ya Mexico City, uliamuru vibanda vya chakula vya mitaani vifutwe maandishi na michoro yake ya mkono na kuwekwa nembo ya wilaya. Herufi zilizochorwa kwa miaka mingi zilipotea ndani ya wiki chache. Wachoraji na wapenzi wa kazi zao wakajikusanya kuzitetea na kukusanya picha. Waliwahi, lakini kwa vibanda vingi walibaki na picha peke yake.

Nikirudi pwani yetu, naona tuko kati ya India na Mexico bila kujua tunaelekea wapi. Kanga ndiyo mfano mkubwa. Pindo, mji na jina: sehemu hizo tatu kila mwanamke wa pwani anazijua. Jina hapo mwanzo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kilatini, na duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak likaweka alama yake ya K.H.E. Mali ya Abdulla kwenye vitambaa vilivyofika kila kona ya Afrika Mashariki. Tazama jina la kanga kama mpiga chapa anavyotazama bango. Kijisanduku ni kilekile, methali ndiyo inayorefuka na kufupika. Usemi mfupi unapewa herufi pana zenye nafasi, usemi mrefu unabanwa hadi herufi zinasimama kama watu kwenye daladala ya jioni. Ni akili ileile ya pantografu, iliyozaliwa kwenye kitambaa kwa sababu ileile: nafasi moja, na kila inchi lazima iseme. Obama aliposhinda, kanga ya "Hongera Barack Obama" iliuzwa huku. Kampeni yake ilikuwa na Gotham, mama zetu walikuwa na herufi za kanga, na sidhani kama kuna mtu aliyefikiri kwamba nazo ni ubunifu wenye historia.

Mbali na kanga kuna makaratasi ya siku moja: tangazo la taarab lililobandikwa ukutani, kadi ya mchango wa harusi, tiketi ya basi la mkoani, kalenda ya duka la vipuri, lebo ya kiberiti. Yalipigwa chapa ili yatumike na kutupwa. Maktaba zetu zimehifadhi vitabu na magazeti, na hayo mengine yamebaki kwenye masanduku ya bibi zetu, yakiliwa na mchwa. Mbunifu kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anapotaka sura ya kale kwa ajili ya lebo ya kahawa, hana pa kwenda. Anafungua kompyuta na kuchukua Amerika ya wachunga ng'ombe. Simlaumu yeye. Kahawa ya Kilimanjaro inavaa herufi za Wisconsin kwa sababu za Moshi hakuna aliyezikusanya.

Kuzikusanya kunahitaji kamera, daftari na nauli. Mtu apige picha ya kibao, aandike mtaa, mwaka na jina la fundi, amuulize kama yuko tayari, wakubaliane mgao kwa maandishi kabla ya faili la kwanza kufunguliwa, na jina la fonti liwe lake akitaka. Wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kwa sababu Memphis imetuonyesha kinachotokea ukichelewa: unabaki na herufi 17 na unalazimika kukisia zilizobaki.

Nilikwenda Tanga kumwona fundi mmoja wa vibao ambaye K zake nilikuwa nazijua kabla ya kumjua yeye. Mguu wa K yake huteremka chini ya mstari na kupita chini ya herufi inayofuata, kama mtu anayemwekea mwenzake mkono begani. KINYOZI, KARIBU, KUKU, KWA MAMA FULANI: mji mzima una mguu ule. Nilimwomba anichoree alfabeti yote kwenye ubao aliokuwa ameuandaa kwa kazi nyingine. Akanyoosha uzi uliopakwa chaki, akaupiga mara mbili, akapata mistari yake, akaanza. Alikwenda upesi hadi P, akasimama.

"Q ya nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba kompyuta inazitaka zote ishirini na sita, la sivyo atakayeandika jina la Kiingereza atakuta tundu.

"Miaka yote hii Q sijaitwa kuichora," akasema. "Labda mara mbili."

Akafuta burashi kwa kitambaa, akatazama herufi zilizotangulia moja moja, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akachora O, taratibu kuliko zote alizochora, na upande wa kulia chini akautia ule mguu wa K, ukapita chini ya mstari hadi mahali ambapo R ingekuja kukaa. Nilikuwa nimeshaiona Q hiyo kichwani nikidhani ningeichora mwenyewe, na haikufanana hata kidogo na ya kwangu.

X aliniambia nirudi kesho.